"Unaendana na BACnet" Si Jibu, Wadogo Zangu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa timu yetu aliniletea rasimu ya zabuni ya mfumo wa kuendesha mitambo ya jengo niipitie. Ukurasa wa nne, mstari mmoja tu: "Mfumo uwe unaendana na BACnet." BACnet ni itifaki, yaani lugha ya pamoja ambayo vifaa vya jengo huzungumziana. Nikacheka, kisha nikanyamaza, maana mstari huo niliwahi kuuandika mimi mwenyewe, neno kwa neno. Someni polepole, msinifanye nirudie.

1. "Unaendana" ni neno la muuzaji. Dai PICS (waraka wa mtengenezaji unaotaja kifaa kinaweza nini kwenye BACnet) ya kila kontrola, ile kompyuta ndogo inayoendesha mtambo, na uisome yote, hasa orodha ya huduma. Kifaa kinachokubali kusomwa tu, bila kuandikiwa, bado ni BACnet halali. Ila siku ukitaka kubadilisha kiwango cha joto utabaki kukitazama kama picha ukutani.

2. Hapa nitakaa, kwa sababu pananiuma bado. Jengo lilikuwa la ghorofa tisa, pointi (thamani moja moja za kusoma au kuamuru, kama joto au swichi) kama 1,800. Mezani zilikuwapo bei mbili. Mkandarasi wa kwanza alileta BACnet toka kontrola hadi seva. Wa pili alitumia itifaki yake ya siri huko chini, akaweka geitiwei (mkalimani wa itifaki mbili) ya BACnet juu. Wa pili alikuwa nafuu, na mstari wangu ulimfungulia mlango. Siku ya makabidhiano nikawasha skana, nikaona pointi zinamiminika, nikatia sahihi kwa mbwembwe. Sikuhesabu. Zilikuwa 240, zote za kusoma tu. Ratiba, trendi na alamu zilibaki ng'ambo ya geitiwei.

Miezi saba ikapita. Mwenye jengo akataka AHU, zile mashine za kusambaza hewa, ziwake nusu saa mapema zaidi. Nusu saa! Nikaingia kwenye seva, nikatafuta objekti ya Schedule (ratiba jinsi BACnet inavyoihifadhi), hakuna hata moja. Nikampigia mkandarasi. Akanijibu kwa upole, ule upole wa mtu mwenye funguo mfukoni, kwamba programu ya kusanidi haiuzwi kwa wateja, na fundi wake ana nafasi baada ya wiki mbili. Nikaomba angalau nakala ya mafaili ya kontrola. "Hayo ni mali ya kampuni." Nikafungua mkataba nikitafuta kifungu kinachosema ni mali yetu. Nikausoma mara mbili, hakipo. Na mkataba nani aliuandika? Mimi.

Kwa wiki hizo mbili ratiba yetu ilikuwa mlinzi wa usiku. Alfajiri anapanda juu na tochi, anageuza swichi za paneli kwa mkono, moja baada ya nyingine. Mzee wa kunizaa, lakini kila tukikutana akawa ananiamkia yeye: "Shikamoo BACnet." Nikawa naitikia "marahaba" huku natazama viatu vyangu.

3. Itifaki wazi si mfumo wazi. BACnet ni kiwango namba 135 cha ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi, tangu 1995, na ISO nao wanacho kama 16484-5. Kampuni yoyote inaweza kutengeneza kifaa kwa kukifuata. Lakini kiwango hicho kinasimamia yanayosemwa kati ya vifaa. Namna ya kuprogramu kontrola ni shauri la mtengenezaji. Kwa hiyo hata yule mkandarasi wa kwanza angeweza kunifungia nje vizuri tu. Andikeni kwenye mkataba, kabla ya malipo ya mwisho: programu ya kusanidi na leseni yake kwa jina la mwenye jengo, nywila za ngazi ya juu, faili chanzo la kila kontrola. Na mkiona objekti yenye namba ya aina 128 kwenda juu, hiyo ni ya mtengenezaji mwenyewe: inaruhusiwa, ila seva ya mwingine huenda isijue ni mnyama gani.

4. Msigeuze jambo hili kuwa dini. Mawasiliano ya ndani ya chila (mashine ya kupoza maji) au ya VRF (viyoyozi vingi vya ndani vinavyotegemea mtambo wa nje) mwachieni mtengenezaji. Ninyi dai mlango mmoja wazi na orodha ya pointi zake. Mara nyingi mlango huo utakuwa Modbus, itifaki nyingine, ya tangu 1979, na Modbus haina majina wala vipimo, ni namba tupu. Rejista (kisanduku cha namba moja) 40001 ya kwenye karatasi kwa kawaida ni anwani 0 kwenye waya. Kijana mmoja alipitiliza kwa rejista moja, akasoma maji yanayorudi akidhani ndiyo yanayotoka, akaandika ripoti ndefu kwamba chila inapasha maji joto. Ripoti ilikuwa na grafu. Grafu nzuri sana.

5. Mengine haraka. Laini ya MS/TP (BACnet inayopita kwenye jozi ya waya) iwe na kasi moja, na resista za 120 ohm ziwe kwenye ncha mbili tu, si kwenye kila kifaa (unajijua). Namba ya kifaa isijirudie mtandao mzima. Brodikasti (ujumbe kwa wote) ya BACnet kwenye bandari ya UDP 47808 haivuki ruta, kwa hiyo pangeni mapema BBMD, kifaa cha kuivusha. Ukilazimisha thamani kwa kipaumbele cha 8 (amri ya mkono, inayoishinda ratiba) wakati wa majaribio, iachie kabla hujaenda nyumbani.

Rasimu ya kijana nimemrudishia. Ule mstari mmoja umekuwa kurasa tatu, na amenuna kidogo. Ameuliza kama kweli ni lazima ahesabu pointi moja moja siku ya makabidhiano. Nimemwambia nitakuja na kiti changu.