Land Rover Series III kugoma kuwaka ikiwa na moto: kabureta iacheni kwanza

Mkuu, umesema Series III yako ya petroli asubuhi inawaka stata ya kwanza, ila ukiizima ikiwa na moto haishiki mpaka ipoe nusu saa, na fundi kakwambia ununue kabureta mpya (kichanganya petroli na hewa). Hiyo hela iweke kwanza. Nimekaa na injini hizi za lita 2.25 miaka mingi, na kabureta husingiziwa mengi.

Pima wakati ugonjwa upo. Ikishapoa itawaka na hutajua lolote. Itembeze, izime, ikigoma chomoa waya mnene wa katikati kwenye kifuniko cha distributa (kigawa umeme wa plagi). Ushike kwa koleo yenye mpini wa mpira, ncha ikae kama milimita 6 kutoka kwenye chuma cha injini, mbali na petroli. Mwenzako apige stata. Cheche ya buluu yenye mlio, umeme upo. Ikiwa ya njano na dhaifu, mimi nashuku kondensa (kikopo kidogo kinacholinda pointi zisiungue) kabla ya koili (inayokuza umeme wa plagi).

Fungua distributa utazame pointi, yaani swichi ndogo inayofunga na kufunguka injini ikizunguka. Kondensa ikichoka huziunguza: upande mmoja kichuguu, upande wa pili shimo. Washa swichi, pointi zikiwa zimefunga, kisha zitenganishe kwa bisibisi. Zikitoa cheche kubwa hapohapo, kondensa imekwisha. Ikipoa hupata nafuu, ndiyo maana asubuhi gari inakudanganya. Ni kifaa cha bei ndogo, tabu ni kwamba vipya vingine havidumu, kwa hiyo ukipata nzima ya zamani usiitupe. Pointi zipe uwazi wa milimita 0.35 hadi 0.40.

Cheche ikiwa safi, ndipo uende kwenye mafuta. Pampu ina kijiti cha kupampu kwa mkono (kikilegea, zungusha injini kidogo ujaribu tena). Ukipampu ikawaka, huenda petroli ilikuwa inachemka ndani ya bomba lake. Sogeza bomba mbali na ekzosi. Plagi zikiwa zimelowa, mafuta yamezidi: rudisha choki, kanyaga pedeli mpaka chini, piga stata.

Na kama stata yenyewe inajikokota, hayo yote hayakuhusu. Weka mita kati ya nguzo hasi ya betri na chuma cha injini huku inapigwa stata. Ikizidi volti 0.5 hivi, fungua waya hasi pale unapofungwa kwenye chesisi, ukwangue kutu mpaka chuma king'ae.