Kuiona Njia Nyeupe ukitokea Nairobi

Ndugu, umeuliza kama kuna giza la kutosha kuiona Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota angani, karibu na Nairobi bila kufika Turkana. Lipo. Shika barabara ya Magadi hadi Olorgesailie, eneo la makumbusho lenye kambi, kama kilomita 70. Milima ya Ngong inabaki nyuma yako na kuziba sehemu ya mwanga wa jiji. Mng'ao unaobaki uko kaskazini-mashariki, nawe utatazama kusini kwenye kundi la nyota liitwalo Nge, ambako Njia Nyeupe imenona kuliko kwingine. Nenda Juni hadi Agosti, usiku usio na mbalamwezi, saa mbili hadi saa nne.

Wengi huharibu kwa simu: macho hutaka nusu saa kuzoea giza, na kutazama mara moja kioo cheupe cha simu kunakurudisha mwanzo. Funika tochi kwa nailoni nyekundu, mikunjo miwili mitatu. Omba pia taa za kambi zizimwe.