Kabla Hujanunua VT220, Uliza Kibodi

VT220 ni teminali ya zamani, yaani skrini na kibodi za kutumia kompyuta nyingine. Yangu niliinunua bila kibodi. Skrini ilikuwa safi, bei ilinivutia, nikajiambia nitachomeka kibodi yoyote. Ikakaa kabatini miezi minane.

Teminali hii ya kampuni ya DEC, iliyotoka mwaka 1983, inataka kibodi ya LK201. Plagi yake ni ndogo kama ya mkono wa simu ya mezani, na kibodi ya kompyuta ya kawaida haielewani nayo hata kidogo. Muuzaji akikwambia kibodi ilipotea, mshukuru uende zako. Ukiipata, usihangaike kutafuta kitufe cha Esc. Kazi hiyo inafanywa na F11 teminali ikiwa katika hali ya VT100; katika hali ya VT220, bonyeza Ctrl pamoja na [. Mipangilio utaikuta kwenye F3.

Baada ya hapo ni kebo, na hapa ndipo wengi hukwama. Teminali haina diski wala programu zako. Inatuma unachoandika na kuonyesha inacholetewa, kupitia RS-232, mlango wa zamani wa kutuma data biti moja moja. Teminali na kompyuta, zote mbili, zilitengenezwa zikitarajia modemu (kifaa cha kupitisha data kwenye simu) katikati, kwa hiyo ukiziunganisha moja kwa moja kwa kebo ya kawaida, waya wa kutuma unakutana na wa kutuma. Tafuta kebo iliyopishanishwa, ambayo waya wa kutuma unaishia kwenye wa kupokea. Nilipoteza jioni tatu nikiilaumu mashine nzima kumbe kosa ni kebo.

Upande wa pili wa kebo weka kompyuta yenye Linux na adapta ya USB kwenda RS-232. Linux bado inaifahamu teminali hii: taja TERM (mpangilio unaoiambia Linux aina ya teminali) kuwa vt220, na vi, programu ya kuhariri maandishi, itafunguka vizuri kabisa.

Anza na kasi ya baudi 9600, yaani biti 9600 kwa sekunde. Kila herufi hubeba biti 10 njiani, yaani herufi 960 kwa sekunde. Skrini ya safu 80 na mistari 24 ina nafasi za herufi 1,920, hivyo ikijaa yote ni sekunde 2. Naipenda sana kasi hiyo. Maandishi yanashuka macho yakiyafuata, na makosa ya seva nayaona yakipita. Herufi zikianza kupotea, washa XON/XOFF (ishara za kusimamisha na kuendeleza data) pande zote mbili, ili teminali ikizidiwa iiombe kompyuta isubiri.

Ganda usilifungue mwenyewe. Bomba la picha linaweza kubaki na maelfu ya volti hata ukishachomoa umeme. Yangu ilipoanza kutetemesha maandishi niliipeleka kwa fundi mzee aliyezoea TV za chogo. Alibadilisha kapasita mbili, nikarudi nayo nyumbani jioni ileile.