Usilipe dipoziti ya mashine ya kidole kabla ya kuona vidole vya watu wako vikipita

Simama hapo hapo. Hiyo dipoziti usiitume.

Umesema una karakana ya sabuni ya maji na jik hapo Baba Dogo, watu kama arobaini. Umeonyeshwa mashine ya alama za vidole ya kuchukua mahudhurio pamoja na kufuli ya mlango wa stoo, imesoma kidole chako mara moja bila shida, na ofa inaisha Ijumaa. Sasa unauliza uchukue inayosoma kidole kwa mwanga au kwa chipu, stima ikipotea itakuwaje, kama inaweza kuunganishwa na programu ya mishahara, na sheria inasemaje. Sawa. Lakini ilisoma kidole cha nani? Chako wewe, unayeshika kalamu na simu. Yule mama anayesuuza mitungi ya jik tangu asubuhi ameweka chake?

Mimi nina yadi ya kabro, yaani matofali ya simiti ya kutandika chini, upande wa Njiru hapa Nairobi. Nilikuwa nimechoka na daftari la mahudhurio, maana mtu alikuwa akifika mapema anawaandikia wenzake wote ambao bado wako kwenye matatu, na wengine hata matatu hawajapanda. Akaja kijana mmoja wa suti na viatu vilivyochongoka. Akaweka mashine mezani, akabonyeza kidole ambacho hakijawahi kuonana na koleo, mashine ikashukuru. Nikaweka changu, ikashukuru. Nikatoa pesa. Mnaocheka huko nyuma, hata nyinyi mngetoa, jamaa alikuwa na tai.

Usajili aliufanya Januari, wiki ya kufungua, vibarua ndio wametoka ushago baada ya Krismasi. Kila mtu alipita, hata wazee. Nikamsifu mbele ya watu. Lakini kidole kina mambo yake. Simiti ikishakutana na maji ni kali, inakula ngozi polepole, na mchanga na kokoto vinasaga kinachobaki. Mchoro wenyewe hauishi kwa sababu unatoka tabaka la ndani, kwa hivyo mtu akikaa wiki chache bila kushika simiti, mistari inarudi ilivyokuwa. Sisi tulisajili vidole vya likizo. Februari ilipofika watu walikuwa na vidole vya kazi, na vidole hivyo mashine haikuwahi kutambulishwa kwavyo.

Siku moja mshike kibarua wa kabro mkono umwangalie ncha ya kidole gumba. Inateleza, imepasuka nyufa nyembamba zenye unga mweupe ndani, na hata ukiigeuza kwenye jua huoni mstari. Skana ya mwanga inapiga taa kutoka chini ya kioo na kupiga picha ya pale mistari ya ngozi inapogusa kioo na pale isipogusa. Halafu programu inatafuta sehemu ambapo mstari unaisha au unagawanyika mara mbili, na hizo ndizo inazohifadhi na kulinganisha. Mistari ikiwa imesagika, inalinganisha nini? Zile nyufa ndio kabisa zinaivuruga, maana nazo zinatokea kwenye picha kama mistari iliyokatika.

Basi saa moja kasoro asubuhi foleni imetoka nje ya geti, na ile sauti ya mwanamke ndani ya mashine inawaambia watu wajaribu tena, wajaribu tena. Wengine wanalamba kidole, wengine wanafuta kwa kaptula, mmoja anakisugua kwenye nywele akidai mafuta yatasaidia. Nikampigia simu yule kijana. Jibu la kwanza, futa kioo. La pili, wafanyakazi wako wanahujumu mashine kwa sababu hawataki kubanwa. Nami nikaliamini hilo la pili, nikawagombeza watu bure.

Mwishowe akamtuma fundi. Fundi akaingia kwenye mipangilio, akabonyezabonyeza, foleni ikaisha siku hiyo hiyo. Nikamnunulia chai na chapati. Kumbe alichofanya ni kushusha kiwango cha ulinganisho hadi chini kabisa, yaani mashine iridhike na mfanano kidogo tu. Ni kama kumwambia askari wa geti aruhusu yeyote mwenye kofia. Na mashine yangu ilikuwa inatafuta kidole kimoja ndani ya vidole vyote vilivyosajiliwa, sio kulinganisha na cha mtu mmoja aliyetajwa. Kadiri orodha inavyokuwa ndefu, ndivyo nafasi ya kumpata mtu wa kufanana naye inavyoongezeka. Ukishusha kiwango juu ya hapo, umemaliza.

Nilijua lini? Kibarua mmoja alikuwa anatafuta ndoo. Akaweka kidole kwenye kufuli ya kidole ya mlango wa stoo kwa mzaha tu, mlango ukafunguka, na kwenye kioo cha mashine likatokea jina la mtunza stoo. Akaja kuniita akicheka. Mimi sikucheka. Nilirudi ofisini nikafungua rekodi za mahudhurio, nikamkuta mtu ambaye nilijua yuko Busia kwenye matanga ameingia kazini kila siku ya juma hilo. Na kuna wa hapo hapo yadini, nilimwona kwa macho yangu akibeba mifuko, eti hakufika.

Jumamosi ya malipo ndiyo iliyonigharimu. Watu walilipwa kwa rekodi ya mashine, na daftari nilikuwa nimeshalitupa, kwa sababu kijana wa suti alisema daftari ni ushamba. Aliyefanya kazi akakosa, aliyekuwa matangani akapata. Wote wakakaa chini getini, hakuna kupakia. Lori la mteja lilikuwa limeshaingia kuchukua kabro za uwanja wa kanisa, dereva akangoja hadi akachoka akaondoka tupu. Yule mteja sijamwona tena. Nikawalipa wote upya kwa neno la nyapara, na wengine walilipwa mara mbili, najua, na wao wanajua kwamba najua. Bei ya mashine ilikuwa pesa ya peremende ukilinganisha na hiyo Jumamosi.

Nilipodai nirudishiwe pesa nikaambiwa waranti haigharamii matumizi mabaya. Kushika simiti ni matumizi mabaya ya kidole! Sijui walitaka nichanganye kabro kwa kijiko. Hasira yangu sio kwamba mashine ilishindwa, mashine ni chuma tu. Huyo mtu alifika yadini, akaruka madimbwi ya simiti ili asichafue viatu, akaona kazi yetu, na bado akauza kile kile anachowauzia watu wa ofisi za Upper Hill.

Sasa wewe ni jik na sabuni. Hizo nazo zinakausha ngozi na kuimenya, na kidole kikavu au kilichovimba maji kinasumbua skana nyingi. Kwa hivyo chukua watu watano wenye mikono mibaya kuliko wote hapo kwako, wakiwa katikati ya msimu wa kazi, sio baada ya likizo. Wasajiliwe kwenye mashine ile ile utakayouziwa, sio ndugu yake aliyefanana naye. Warudie asubuhi wakiwa wakavu, warudie jioni mikono imetoka kwenye maji. Fundi asiguse kiwango cha ulinganisho, na wewe umsimamie uone kimewekwa wapi kwenye kioo. Watano wakipita, toa pesa. Asipopita mmoja, usikubali kuambiwa huyo ni mmoja tu, kwa sababu baada ya miezi kadhaa wenzake watakuwa kama yeye.

Hilo la mwanga au chipu, mimi nilikuwa naliona kubwa, siku hizi silioni. Za chipu, kama zile za nyuma ya simu, zinapima tofauti ya chaji kati ya mistari inayogusa na mabonde yasiyogusa, na ngozi kavu inazishinda pia. Julai hii baridi ya Nairobi ikikausha mikono utaona. Ziko zinazopiga mwanga wa rangi mbalimbali ili kusoma chini kidogo ya ngozi ya juu, na hizo zinavumilia mikono ya kazi, ila bei yake kaa chini kwanza kabla ya kuuliza. Nazo zipitishe watu wale wale watano.

Mimi sasa kila mtu anabonyeza namba yake kwanza, ndipo aweke kidole. Mashine inalinganisha na vidole vyake peke yake, kwa hivyo kiwango kimebaki juu na watu bado wanapita. Kila mmoja ana vidole viwili vilivyosajiliwa, kimoja cha mkono asioutumia sana. Ambao vidole vimekataa kabisa wana kadi, na nyapara anawatazama wakipitisha. Daftari limerudi, liko mezani, halichekwi. Hata tume ya uchaguzi, IEBC, mwaka 2022 vifaa vyao vya KIEMS vya kutambua wapiga kura kwa kidole vilipogoma sehemu za Kakamega na Makueni, ni sajili ya karatasi iliyowaokoa, sembuse yadi ya kabro.

Kufuli ya stoo, kama ndani kuna mali ya maana, usiiachie kidole pekee. Mtafiti Matsumoto wa Japani alishaonyesha mwaka 2002 kwamba kidole cha jelatini, ile ile ya kutengenezea peremende, kinadanganya skana nyingi. Sisi hatukuhitaji hata jelatini.

Sheria: alama za vidole ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo yako ya mwaka, ipi iliyo ndogo. Waeleze watu unachukua nini na kwa nini, wape njia nyingine wasiotaka kidole, na uliza data inakaa wapi. Mwaka 2019 hifadhi ya mfumo wa kufungulia milango wa BioStar 2, bidhaa ya kampuni kubwa tu ya Suprema, ilikutwa wazi mtandaoni ikiwa na alama za vidole za watu. Neno la siri unabadilisha, kidole utabadilisha na nini?

Huyo muuzaji wako mwambie aje Alhamisi jioni, saa ya kusuuza mitungi, na akuachie mashine hadi Ijumaa mchana. Kabla hajaja, iandike hapa modeli iliyo nyuma ya mashine, na uangalie kama ina vibonyezo vya namba. Nyingine hazina kabisa.