Abiria wa boti moja waonekana boti zote

SWALI: Asalaam alaykum. Naandika programu ya Python (lugha ya kompyuta) ya boti za Mkoani, Pemba, na Unguja. Ndani ya klasi Boti (kiolezo cha kuundia kila boti) nimeweka orodha tupu, abiria = []. Nikimwongeza abiria boti ya asubuhi, anatokea na ya jioni. Kwa nini?
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Waalaykum salaam. Orodha iliyoandikwa moja kwa moja chini ya klasi ni mali ya klasi; boti zote zinachangia hiyo hiyo. Ihamishie ndani ya __init__ (sehemu inayotekelezwa kila boti inapoundwa), uandike self.abiria = []; self ni boti yenyewe. Kila boti itapata yake.

Usikimbilie kuiweka kama thamani ya awali, __init__(self, abiria=[]), mtego unaowanasa wengi: orodha hiyo huundwa mara moja tu, mstari wa def (unaoanzisha __init__) unapotekelezwa, basi tatizo ni lile lile. Kitu kisichobadilika, kama jina la bandari, kiache kwenye klasi.