Simu ya kwanza huwa ya salamu tu

Juzi usiku nilipata meseji kutoka kwa kijana mmoja karani wa mahakama, yuko mwaka wake wa pili kazini, mahali sitapataja. Nimebadilisha maneno kidogo asijulikane lakini kiini ni hiki: "Dada, kwetu imeletwa kesi ya kupinga matokeo ya uchaguzi mdogo wa wadi. Jana kuna mtu amenipigia, ameuliza tu kama mimi na watoto tuko salama, akasema mzee fulani ananisalimia sana. Hajaomba chochote. Sijui kama naogopa bure."

Huogopi bure mdogo wangu. Hio simu naijua, na tangu nisome maneno yako usingizi umekuwa shida, kwa hivyo wacha niandike yote hapa hata ikiwa ndefu, ili na wengine walio mahakamani, polisi, kwa ofisi za waendesha mashtaka, na nyinyi mnaosomea sheria mkiota siku moja kukaa pale juu, msome kabla uchaguzi wa 2027 haujafika.

2017 nilikuwa karani wa rejistri kwa kituo kidogo cha mahakama. Watu wengi hudhani kesi za kura zote zinaenda Nairobi kwa majaji wakubwa. Ya rais ndo inaenda Mahakama ya Juu moja kwa moja, siku 7 za kuileta na siku 14 za kuiamua. Lakini ya MCA, yaani mwakilishi wa wadi, inaanzia kwa hakimu, hapa hapa kwetu ambapo asubuhi kuna kesi ya mbuzi aliyeibiwa na saa tano ni ugomvi wa mpaka wa shamba. Aliyeshindwa anapewa siku 28 kuileta, na ikiletwa lazima iishe ndani ya miezi 6. Sasa fikiria, miezi 6 mnaishi mji mmoja na watu wa pande zote mbili, mnanunua mboga soko moja, watoto wanasoma pamoja. Jaji wa Nairobi ana mlinzi. Karani ana boda boda.

Tarehe 1 Septemba 2017 tulikuwa tumezunguka redio ya mwenzangu pale juu ya kabati la faili, Jaji Mkuu David Maraga akasoma kwamba uchaguzi wa rais wa 8 Agosti umefutwa, majaji 4 kwa 2. Kenya haikuwa imewahi kuona kitu kama hicho. Nililia, na si kwa sababu ya chama, mpaka leo sisemi nilimpigia nani kura. Nililia kwa sababu nakumbuka 2007, upande uliosema umeibiwa ulikataa kwenda kortini ukisema hauiamini, na tukazika watu zaidi ya 1,100. Sasa watu walikuwa wameenda kortini na korti imewasikiza. Siku hio nilitembea na beji yangu shingoni mpaka nyumbani, kwa kawaida huwa naitoa nikifika geti.

Fahari ile haikufika jioni. Siku hio hio rais akiongea na umati Nairobi akawaita majaji wakora, kesho yake akasema kuna shida kwa mahakama na itaangaliwa. 19 Septemba Maraga akasimama mbele ya kamera na wenzake wa Tume ya Huduma za Mahakama akasema majaji na wafanyakazi wanatishwa, nao polisi wameachia tu. Aliposema wafanyakazi nilishtuka, nikaona kumbe na sisi tumo.

Alafu ikaja usiku wa 24 Oktoba. Dereva wa Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu, ambaye pia alikuwa afisa wa kumlinda, akapigwa risasi Nairobi akajeruhiwa vibaya. Asubuhi yake Mahakama ya Juu ilikuwa isikize ombi la kuahirisha uchaguzi wa marudio wa tarehe 26. Wanahitajika majaji wasiopungua 5. Wakafika 2, Maraga mwenyewe na Isaac Lenaola. Kesi haikusikizwa, kura zikapigwa siku iliyofuata. Jioni hio mama yangu alinipigia akaniambia maneno ambayo sijawahi kuyasahau, "Umeona aliyepigwa? Si jaji. Ni dereva." Akakata simu.

Kwetu nako kesi ya wadi ilikuwa imeshaletwa. Mheshimiwa alikuwa ametangazwa kashinda kwa kura 63 na mpinzani akasema vituo vinne vilichezewa. Masanduku yakaletwa na lori, polisi wakashusha, yakafungiwa chumba kilichokuwa cha kuhifadhi faili kuukuu. Funguo moja ya kile chumba nilikuwa nayo mimi.

Wiki hio hio ndo nikapigiwa. Sauti ya adabu kabisa, "Mheshimiwa anakusalimia." Nyinyi mlio mahakamani mnajua hakimu naye tunamuita mheshimiwa, kwa hivyo nikajibu haraka, ndio bwana, niko njiani nakuja. Yule mtu akatulia kidogo akasema, si huyo, mheshimiwa wetu. Kisha akaniuliza mtoto wangu ameendelea aje na ile kifua. Mtoto alikuwa amelazwa siku mbili zile, hata jirani wa nyumba ya pili hakujua. Akanitakia kazi njema. Hakuomba kitu.

Jumapili mjomba akaja. Huyu ni kaka yake mama, ndiye aliyenilipia karo kidato cha tatu na cha nne baba alipofariki, kwa hivyo akiingia kwangu mi husimama. Alikuja na unga bale moja, sukari, mafuta ya kupika lita kumi. Alikunywa chai akasifu chai. Alipomaliza akaanza, "Mwanangu, huyu mheshimiwa ni mtu wetu. Ametuwekea maji. Wale wengine wakipata hicho kiti sisi tutakunywa nini?" Nikamwambia mjomba, kesi iko kwa hakimu. Akasema hakuna mtu anamtafuta hakimu, hakimu ni mgeni, wewe ndo mtoto wa hapa. Dakika kumi tu, vijana waangalie masanduku kama yako sawa, wasiguse kitu.

Hapa ndo nataka usome pole pole mdogo wangu. Sikukubali. Lakini pia sikukataa. Nilisema, mjomba wacha nifikirie. Na ile sukari nikaipokea, nikaiweka jikoni, watoto wakanywa nayo chai. Kwa siku tisa sikumwambia mtu yeyote, si hakimu, si mwenzangu wa rejistri, si mume wangu. Kila siku napigiwa, kwanza salamu, alafu wakauliza askari wa usiku anabadilishana saa ngapi, alafu wakauliza chumba kina dirisha la nyuma. Na mimi nilikuwa najibu! Sikuwaambia la maana, lakini nilikuwa nashika simu najibu sijui, sina uhakika, kwa sauti ya upole kama mtu anayeongea na wakwe. Siku tisa hizo ndo kitu kinachoniuma mpaka leo kuliko yote yaliyokuja baadaye, manake kama masanduku yangeguswa usiku wowote kati ya hizo tisa, ningekuwa nimejua na nimenyamaza.

Siku ya kumi niliingia chemba, ofisi ya hakimu, kabla ya kesi kuanza. Mikono ilikuwa inatetemeka nikaweka funguo mezani nikamwambia hakimu kila kitu, simu, mjomba, sukari, dirisha. Nilijua nitafutwa kazi. Hakimu hakunifokea. Alichukua karatasi akaniuliza tarehe, saa, namba, na mimi tarehe zingine nilikuwa nimeshasahau ju sikuwa nimeandika popote, nikawa natafuta kwa simu, zingine nilikuwa nimezifuta kwa woga. Kisha akaita mawakili wa pande zote mbili akawaambia mbele yangu kwamba kuna watu wanazunguka masanduku. Hakutaja jina langu. Mchana huo chumba kikapigwa kufuli mbili zaidi, moja funguo ikakaa na polisi, nyingine kwa hakimu mwenyewe, na askari akaongezwa usiku. Simu zikakoma siku hio hio. Yaani mambo yaliyokuwa yamenikosesha usingizi siku tisa yaliisha kwa nusu saa.

Tulipohesabu upya vile vituo vinne, mbele ya mawakili na mawakala, mheshimiwa bado alishinda. Kwa kura 58. Alishinda kwa haki! Wale vijana wake wangeingia kile chumba wangeharibu kiti ambacho tayari kilikuwa chao, na wangeniharibia mimi maisha kwa kitu ambacho hakikuhitajika. Lakini mjomba mpaka leo hataki kusikia hayo. Kwake mimi nilimuaibisha mbele ya watu. Kwa arusi ya binti yake sikualikwa, nikaona picha kwa WhatsApp ya familia, na mama akaenda peke yake akarudi akasema hakuulizwa juu yangu hata mara moja.

Baada ya hukumu nikapata barua ya uhamisho, ilisema ni uhamisho wa kawaida, mbali na watoto, mwanzo wa muhula. Nilienda. Miaka miwili baadaye nikaacha kazi. Saa hii naandikia watu hati na kuwasaidia kujaza fomu za korti, na sijutii, narudia, sijutii kuingia ile chemba. Najutia kuchelewa.

Sasa nikuambie unachopaswa kufanya. Andika. Simu ikikatika tu andika tarehe, saa, namba, maneno yenyewe aliyosema, hata kama ni salamu tu, hasa kama ni salamu tu. Usifute meseji. Alafu sema, sema siku hio hio, kwa hakimu au mkubwa wako, na kama unaona mkubwa mwenyewe ndo tatizo kuna ofisi ya kupokea malalamiko ya mahakama na kuna ile Tume ya Huduma za Mahakama. Usingoje mpaka uombwe kitu, manake ukishaombwa utakuwa tayari mmeshazoeana na kukataa inakuwa kama kumkosea heshima mtu. Kwa hivyo andika, na useme. Kama zawadi imeletwa irudishe ikiwa bado imefungwa, ukishafungua huna la kurudisha.

Pia safisha mambo yako, madeni, mikopo, risiti. Mnakumbuka 28 Agosti 2018 Jaji Mwilu alikamatwa na kupelekwa kushtakiwa kwa mambo ya mikopo ya benki, na ni Mei 2019 ndo Mahakama Kuu ikayazima mashtaka ikisema ushahidi ulipatikana visivyo. Miezi tisa mtu anaishi na hilo kichwani. Wakati mwingine hawakugusi kabisa, wanakuweka tu ukingoja. Majaji 41 walipendekezwa 2019, rais akakataa kuwateua, wakakaa miaka miwili bila kuapishwa, mmoja akafariki akingoja, Juni 2021 wakaapishwa 34, na sita wakangoja mpaka Septemba 2022 rais mwingine alipoingia. Karani hapigwi hivyo kwa magazeti, yeye anapata barua ya uhamisho mwanzo wa muhula, lakini ni presha ile ile.

Na tusidanganyane kwamba presha hutoka upande mmoja. 2022 majaji wote 7 wa Mahakama ya Juu walipoamua 5 Septemba kwamba ushindi wa rais unabaki, walioshindwa nao waliwatukana. Katiba kifungu cha 160 kinasema mahakama iko chini ya Katiba na sheria tu, si chini ya mtu yeyote. Mtu yeyote maana yake ni pamoja na mtu unayempenda, aliyekulipia karo. Hapo ndo wengi wenu mtaangukia, manake adui mtamkataa bila shida, nyinyi ni watu wazuri. Mtakuja kushikwa na mtu ambaye mkimuona mnasimama. Jiandae kumkosea huyo. Mimi nilimkosea na nitamsalimia nikimuona, lakini ningemkosea tena, na mara hii ningemkosea Jumapili ile ile akiwa bado ameshika kikombe.

Na nyinyi mahakimu mnaosoma hapa, ulizeni wafanyakazi wenu. Kesi ya kura ikiingia tu kaeni nao dakika tano muwaambie, mtapigiwa simu, ukipigiwa njoo, hutafutwa kazi. Kama mtu angeniambia hayo maneno Septemba, nisingenyamaza Novemba. Polisi wa zamu ya usiku, anayefagia, anayepeleka faili, wote waambieni. Nyinyi mnafikiri presha inaingia kwa mlango wenu, na nyinyi mna mlango mzito.

Mdogo wangu, umesema simu ilikuwa jana. Namba bado iko kwa simu yako. Iandike kwa karatasi usiku huu, na saa, na hayo ya watoto aliyouliza. Kesho hakimu wako atakuwa chemba kabla ya saa tatu. Gonga mlango uingie na hio karatasi, alafu ukitoka uniandikie.