Kaka anataka niifiche dawa ya mama

*Shangazi, shikamoo. Mama yangu ana saratani ya shingo ya kizazi, na imeshasambaa. Hospitali wameturuhusu turudi nyumbani Morogoro na chupa ya mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Kaka yangu mkubwa, yuko Mwanza, kapiga simu anasema hiyo ni dawa ya kulevya, wanaopewa hawamalizi wiki, niifiche. Tangu juzi nampa panado tu. Usiku kucha analia. Uji hataki, nikimlazimisha anapaliwa. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Itoe hiyo chupa ulikoificha. Kabla ya kumimina, mpigie muuguzi aliyekukabidhi, umwambie mama amekosa dozi tangu juzi, akueleze uanzie wapi. Piga leo, usingoje siku ya kliniki.

Maneno ya kaka nimeyasikia kwenye misiba mingi. Watu wameizoea mofini inayoletwa siku za mwisho kabisa. Mgonjwa akifa, chupa ndiyo inayosingiziwa. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari haimuui mtu, na kwa maumivu kama ya mama, uraibu si jambo la kukunyima usingizi. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Pale Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, wagonjwa huandikiwa wakaenda nayo nyumbani. Uganda tangu 2004 hata wauguzi waliosomea kuwatuliza wagonjwa wa namna hii wanaruhusiwa kuiandika. Mweleze kaka hayo kwa heshima. Akibisha, mpigie saa nane za usiku, simu uiweke kitandani kwa mama, asikilize mwenyewe. (Kuamuru kwa simu ni rahisi mno siku hizi.)

Mofini ya maji nguvu yake huisha baada ya kama saa nne, ndiyo maana hufuata saa. Ukingoja mpaka alie umeshachelewa. Siku za mwanzo anaweza kusinzia sana na kusikia kichefuchefu. Mara nyingi hupungua. Kufunga choo ndiko kusikoondoka, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo iende sambamba. Kama hukupewa, idai. Akisinzia hata kuamka ni shida, au pumzi zikawa za taabu, usiongeze dozi, piga simu.

Uji acha kumlazimisha. Mwili ukifika hapo hamu huondoka yenyewe, na anayepaliwa chakula kinaweza kumwingia mapafuni. Mwinue, mpe vijiko viwili vya maji akitaka. Asipotaka, lowesha pamba safi umpanguse kinywa, midomo uipake mafuta. Majirani watasema unamnyima mama chakula. Waache waseme.

Halafu sijaona popote kwenye barua yako mtu wa kukupokea. Kaka ana kauli kubwa kwenye ugonjwa huu, basi apande basi aje wiki hii ashike zamu ya usiku, mama akiwa bado anamtambua.